Safari ya Familia kwa Gari Ulaya Majira ya Joto: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ninaishi Köln, Ujerumani. Kila mwaka ikifika Machi simu huanza kuita: ndugu, marafiki walioko Uholanzi na Ubelgiji, na wazazi walioko Dar na Mombasa wanaokuja kuwatembelea watoto wao na wanataka kuzunguka kidogo. Maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeyakusanya mahali pamoja. Mifano mingi nimeitoa kwenye mzunguko ambao familia yetu inaufahamu vizuri: Köln, Freiburg, Luzern, handaki la Gotthard, Ziwa Garda, Venice, Ljubljana, Salzburg, München, kisha nyumbani. Ni kama kilomita 2,400 kwa jumla. Anayeanzia mji mwingine atabadilisha mwanzo na mwisho tu.

## Kuanza kupanga

Tunahitaji siku ngapi?

Kwa mzunguko huu, siku 14. Ukiwa na siku 9, acha Slovenia na Austria, lala Garda siku nyingi zaidi na urudi kwa njia uliyoendea. Kosa ninaloliona kila mwaka ni watu kuhesabu nchi. Baba anataka aseme wamepita nchi saba, na watoto wanazikumbuka nchi hizo saba kwa nyuma ya kiti cha mbele.

Sisi tunampangia safari mdogo kuliko wote. Kama ana chini ya miaka mitano, saa nne za kuendesha kwa siku zinatosha, na baada ya siku ya barabara inafuata siku nzima gari halijawashwa. Köln hadi Freiburg simu itakwambia saa nne na nusu. Kwa familia yenye watoto wawili na bibi ni saa saba: choo mara tatu, chakula, foleni ya Karlsruhe, na kiatu kimoja kilichosahaulika kwenye meza ya mapumziko. Mwaka wa kwanza hatukujua haya. Siku ya sita, Ljubljana, binti yetu wa miaka mitatu alikaa kwenye ngazi ya nyumba tuliyokodi, akakumbatia miguu ya meza ya maua na kusema gari hataki, hata ziwa hataki. Tukabaki pale siku mbili ambazo hazikuwa kwenye ratiba, na ndizo anazozisimulia mpaka leo.

Twende mwezi gani?

Kama watoto hawajaanza shule, nendeni Juni mwanzoni au Septemba. Bei ziko chini, na ziwa bado lina joto Septemba. Wenye watoto wa shule hawana uchaguzi mkubwa, lakini wanaweza kuchagua wiki. Majimbo ya Ujerumani hupishana likizo. Bavaria na Baden-Württemberg hufunga mwisho kabisa, mwishoni mwa Julai hadi katikati ya Septemba. Wafaransa hujaa barabarani Jumamosi ya mwisho ya Julai na ya kwanza ya Agosti, wanaokwenda wakipishana na wanaorudi. Waitaliano wana sikukuu ya Ferragosto tarehe 15 Agosti, na wiki hiyo kila kitanda cha ufukweni kina mtu.

Siku ya kuondoka ina uzito kuliko mwezi. Jumamosi ndiyo mbaya, kwa sababu nyumba nyingi za likizo hukodishwa Jumamosi hadi Jumamosi. Jumapili Ujerumani malori makubwa hayaruhusiwi barabarani hadi saa nne usiku, na barabara hupumua. Sisi huondoka Jumapili saa kumi alfajiri, watoto wakiwa bado na nguo za kulalia.

Safari nzima inagharimu kiasi gani?

Malazi hula pesa kuliko vyote, mafuta hufuata. Mafuta ni rahisi kukadiria: gari la kawaida linalokula lita 7 kwa kilomita 100 litatumia lita 168 kwa mzunguko wetu. Ukipiga hesabu kwa euro 1.80 kwa lita, ni kama euro 300. Weka pembeni euro 120 hadi 150 za tozo na stika za barabara (maelezo yako chini ya "Barabarani"). Malazi ya watu watano Agosti, ukichanganya kambi na hoteli za pembezoni mwa mji, yanaweza kuzidi mafuta mara nne au tano. Kwa hiyo anayetaka kubana matumizi asihangaike na bei ya mafuta. Ahangaike na kuweka nafasi mapema, Februari ikiwezekana.

Kwa nini gari na si ndege?

Watu wawili ndege inawafaa. Watu watano, gari la watoto la kusukuma, mikeka, hotpoti, na bibi ambaye hawezi kukimbilia geti la ndege: gari.

## Karatasi na ruhusa

Tuna vibali vya ukaazi vya nchi moja. Tunaweza kuvuka mipaka?

Ndiyo. Kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen (kundi la nchi za Ulaya zilizofungua mipaka kati yao) pamoja na pasipoti halali vinakuruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 katika kila siku 180. Uswisi haimo kwenye Umoja wa Ulaya lakini imo Schengen. Croatia imo tangu Januari 2023, Romania na Bulgaria mipaka yao ya ardhini ilifunguliwa Januari 2025. Uingereza na Ireland hazimo, na wengi hukosea hapo: kibali cha Ujerumani hakikuvushi kwenda Dover.

Kutokuwa na vizuizi hakumaanishi kutokuwa na ukaguzi. Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya ardhini Septemba 2024, na foleni ya kutoka Salzburg kuingia Bavaria huwa ndefu hasa Jumapili jioni. Pasipoti na kadi za ukaazi za wote, hata za mtoto wa miezi minne, zikae kwenye kibegi kimoja cha mbele. Si kwenye buti chini ya mabegi.

Bibi anakuja kutoka nyumbani. Aombe viza ya nchi gani?

Ya nchi atakayokaa siku nyingi zaidi. Akikaa Köln wiki tano na safari ikawa ya wiki mbili, ni Ujerumani, na viza hiyo hiyo inampitisha nchi zote za mzunguko. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi kabla ya kutimiza 12. Walio chini ya miaka 6 hawalipi. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na kwa majira ya joto usingoje, maana nafasi za miadi huisha. Bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000.

Mwambie pia kwamba tangu Oktoba 2025 Ulaya imeanza kuchukua alama za vidole na picha ya uso mpakani badala ya kugonga muhuri. Wenye vibali vya ukaazi hawahusiki, kwa hiyo bibi atapanga mstari peke yake. Mjulishe mapema asije akaogopa akidhani ametengwa kwa kosa. Na asibebe nyama wala maziwa kutoka nyumbani. Ni marufuku kuingiza Umoja wa Ulaya, hata iwe imekaushwa na imefungwa vizuri namna gani.

Mtoto ana jina tofauti na langu. Kuna shida?

Kwetu ni kawaida: mtoto anabeba jina la baba na la babu, mama anabaki na la baba yake. Afisa wa mpakani hajui hivyo. Anaona mama Salma Juma na mtoto Amani Rashid, na baba hayupo. Beba nakala ya cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili. Kama mzazi mmoja hasafiri, au mtoto anasafiri na shangazi, andikeni barua ya ridhaa yenye saini, namba ya simu na nakala ya pasipoti ya mzazi aliyebaki. Sisi tumeulizwa mara moja tu kwa miaka yote, lakini siku hiyo barua ndiyo iliyotupitisha.

Leseni ya Tanzania au Kenya inatosha?

Kwa mgeni anayekuja kutembea, abebe leseni yake pamoja na leseni ya kimataifa, ambayo hutolewa nyumbani kabla ya kuondoka. Italia inadai hiyo au tafsiri rasmi, na wakodishaji magari wengi hawatoi ufunguo bila hiyo.

Aliyehamia Ujerumani ana miezi sita tu ya kutumia leseni ya nyumbani. Baada ya hapo lazima awe na ya Ujerumani. Nawaomba sana ndugu zangu mlichukulie hili kwa uzito. Kuendesha baada ya muda huo ni kuendesha bila leseni, na ikitokea ajali bima inaweza kukudai pesa.

## Gari na vilivyomo

Tukikodi gari, tuangalie nini?

Mambo matatu, na yote yaulizwe kabla ya kulipa. Kwanza, nchi zote mtakazopita ziandikwe kwenye mkataba. Pili, kadi ya mkopo iwe kwa jina la dereva mkuu, kwa sababu ndiyo inayoshikiliwa amana. Kadi ya mke haimsaidii mume kaunta. Tatu, ukitaka otomatiki sema mapema, kwani magari mengi ya bei nafuu hapa ni ya kubadilisha gia kwa mkono. Piga picha kila mkwaruzo, pamoja na rimu na paa, kabla hujatoka kwenye maegesho. Aliye chini ya miaka 25 hutozwa zaidi.

Viti vya watoto ni lazima hadi umri gani?

Kila nchi ina yake. Ujerumani ni hadi mtoto atimize miaka 12 au afikishe sentimita 150. Italia inaangalia kimo tu, sentimita 150. Austria ni chini ya miaka 14 kwa mtoto asiyefika sentimita 135. Ufaransa ni miaka 10. Ukifuata kanuni ya Ujerumani na Italia kwa pamoja, yaani kiti mpaka sentimita 150, utakuwa salama kote kwenye mzunguko huu, na mtoto wako pia.

Kiti kiwe na kibandiko cha rangi ya chungwa chenye herufi E ndani ya duara na maandishi ya R44/04 au R129. Kiti kilichonunuliwa nyumbani au Marekani mara nyingi hakina. Na kumpakata mtoto kwa kanga, hata kwa safari ya dakika tano kwenda dukani, ondoeni kabisa kwenye fikra.

Vifaa gani vya lazima?

Pembetatu ya tahadhari, kisanduku cha huduma ya kwanza, na vizibao vya kung'aa, kimoja kwa kila mtu. Vizibao viwe ndani karibu na viti, kwa sababu unatakiwa ukivae kabla hujashuka, na buti hulifikii ukiwa umekaa.

Nimezoea kuendesha kushoto. Nitaweza?

Utaweza. Kumbuka jambo moja tu: dereva daima anakuwa upande wa mstari wa katikati ya barabara. Usukani uko kushoto, mstari uko kushoto kwako. Barabara kuu hazina shida, kwani mkondo unakubeba. Hatari iko asubuhi ukitoka kwenye maegesho matupu au sheli, ambako hakuna gari la kulifuata. Hapo aliyekaa mbele aseme kwa sauti, "kulia." Kwetu kazi hiyo ni ya mtoto mkubwa, na anaifanya kwa moyo wote.

## Barabarani

Tozo za barabara zinalipwaje?

Ujerumani magari madogo hayalipi. Uswisi unanunua stika ya mwaka mzima kwa faranga 40. Hakuna ya siku chache. Inatumika kuanzia Desemba ya mwaka uliotangulia hadi mwisho wa Januari wa mwaka unaofuata, na tangu 2023 ipo pia ya kidijitali iliyofungwa kwenye namba ya gari. Austria ina ya siku moja na ya siku 10, hii ya pili ikiwa euro 12 na senti. Slovenia ina ya siku saba, kama euro 16, kidijitali tu. Ukikosea herufi moja ya namba ya gari ni sawa na kutolipa, kwa hiyo soma mara mbili. Nunueni kwenye tovuti rasmi za nchi zenyewe. Zipo tovuti nyingi za madalali zinazofanana nazo na kuongeza bei.

Austria ina mtego mwingine: baadhi ya mahandaki na milima hulipiwa juu ya stika. Ukitoka Ljubljana kwenda Salzburg utalipia handaki la Karawanken, kisha barabara ya Tauern. Ukipita Brenner, vivyo hivyo.

Italia na Ufaransa unalipa kwa kilomita. Italia unachukua tiketi ukiingia, unalipa ukitoka. Njia za njano ni za Telepass tu (kifaa cha kulipia tozo kielektroniki), usiingie. Za buluu ni za kadi, nyeupe ni za pesa taslimu. Ukishaingia njia isiyo yako usirudi nyuma kamwe: bonyeza kitufe cha msaada na usubiri sauti.

Handaki la Gotthard lina foleni kweli?

Lina foleni kila wikendi ya Julai na Agosti. Handaki lina urefu wa karibu kilomita 17, njia moja kwenda na moja kurudi, na magari huingizwa kwa vipimo. Redio hutangaza foleni kwa kilomita. Kilomita moja ihesabu kama dakika kumi. Kwa hiyo kilomita 10 ni zaidi ya saa moja na nusu chini ya jua.

Una njia mbili za kukwepa. Moja ni San Bernardino, kupitia Chur, ambayo ni ndefu zaidi lakini magari hutembea. Ya pili ni kupanda mlima wenyewe: barabara ya zamani ya Gotthard hufika mita 2,106 na kwa kawaida huwa wazi majira ya joto. Watoto wetu waliona theluji ya Julai kwa mara ya kwanza pale juu, wakaichota kwa mikono wakiwa na kandambili. Lakini kona ni nyingi. Soma kwanza swali la kutapika.

Nijaze wapi mafuta?

Nje ya barabara kuu. Sheli za kwenye Autobahn huuza ghali sana. Toka, endesha dakika tatu, jaza. Italia sheli moja ina bei mbili: ya kujihudumia na ya kuhudumiwa, ambayo ni ya juu. Na angalia majina: Italia *gasolio* ni dizeli, na Hispania *gasóleo* nayo ni dizeli, ingawa masikio yetu yanasikia petroli. Ukikosea, usiwashe gari. Piga simu livutwe.

Mwendo wa juu ni upi?

Italia na Austria 130, Uswisi 120. Ufaransa 130, na mvua ikinyesha 110. Ujerumani kuna sehemu zisizo na kikomo, zinazoshauri 130. Kaa kulia na ukitaka kupita tazama kioo mara mbili, kwani gari linaloonekana mbali sana litakufikia ukiwa bado unahama njia. Uswisi msijaribu kuzidisha hata kidogo. Faini zao ni za nchi tajiri.

Ni nini hiyo *Rettungsgasse*?

Ni njia ya uokozi. Ujerumani, Austria na Uswisi, trafiki ikianza tu kusimama, magari ya njia ya kushoto kabisa husogea kushoto, na mengine yote husogea kulia, katikati ibaki nafasi ya ambulensi. Haifanywi ukisikia king'ora, hufanywa kabla. Ujerumani faini ya kutofanya inaanzia euro 200. Hili nalipenda kuliko sheria zote za hapa. Mara ya kwanza nilipoona mamia ya magari yakifunguka kama pazia, na ambulensi ikapita bila kupunguza mwendo, niliwafikiria watu wangu waliokwama na mgonjwa kwenye foleni ya Ubungo.

Vyoo njiani?

Ujerumani vituo vikubwa hutoza euro 1 na kukupa vocha ya thamani hiyo ya kununulia vitu hapo. Watoto wadogo hupita bure kwenye kijilango chao. Ufaransa vyoo vya kando ya barabara ni bure na vina meza za kulia chini ya miti. Beba kopo au chupa ya maji ya kujisafishia, kwa sababu utakuta karatasi tu.

## Mijini

ZTL ya Italia ni nini, na kwa nini kila mtu anailalamikia?

Ni eneo la katikati ya mji ambalo magari yasiyo na ruhusa hayaingii. Hakuna geti wala askari, kuna kamera. Alama yake ni duara jeupe lenye ukingo mwekundu, na maandishi *zona traffico limitato*. Chini kunaweza kuwa na ubao wa taa: *varco attivo*. Wengi hudhani maana yake ni kwamba njia iko wazi. Kinyume chake, maana yake ni kwamba kamera inafanya kazi na hupaswi kupita.

Sisi tuliingia ya Verona tukifuata simu kwenda kwenye nyumba ya kulala wageni. Tulizunguka mtaa ule mara mbili tukitafuta maegesho, na barua zikaja mbili, miezi kumi baadaye, moja kwa kila duru. Kisheria wana siku 360 za kumtumia barua mkazi wa nje ya Italia, kwa hiyo usijipongeze mapema. Mwenye gari la kukodi hulipa pia ada ya kampuni kwa kutoa jina lake. Kama malazi yako yamo ndani ya ZTL, waombe waandikishe namba ya gari lako kabla hujafika, na wakuthibitishie kwa maandishi. La sivyo, acha gari nje ya mji wa kale na utembee.

Na Venice?

Gari halifiki zaidi ya Piazzale Roma na Tronchetto. Lala Mestre, acha gari huko, panda treni ya dakika kumi. Tangu 2024 wageni wa kutwa hulipa ada ya kuingia kwa siku maalumu. Anayelala ndani ya manispaa, Mestre ikiwemo, halipi lakini lazima ajiandikishe mtandaoni. Madaraja yana ngazi, kwa hiyo kama bibi ana magoti, tumieni boti za abiria na mchague mtaa mmoja tu wa kutembea.

Stika za hewa safi?

Miji kadhaa ya Ujerumani bado inataka stika ya kijani kwenye kioo cha mbele. Magari ya Ujerumani huwa nayo tayari. Anayetoka Uholanzi au Ubelgiji ainunue kabla.

## Kulala, kula na kusali

Tulale wapi watu watano au sita?

Kambi, na sisemi hema. Kambi kubwa za Ziwa Garda zina nyumba ndogo za mbao zenye vyumba viwili, jiko na baraza, na watoto hupata wenzao ndani ya dakika kumi bila lugha. Ujerumani kuna hosteli za vijana zenye vyumba vya familia. Unahitaji uanachama, lakini chai ya asubuhi imo kwenye bei. Hoteli za kawaida mara nyingi hazikubali zaidi ya wanne chumba kimoja, hivyo utalipia viwili. Italia utalipa pia kodi ya utalii kwa kila mtu kwa kila usiku, mara nyingi taslimu mapokezini.

Tutakula nini?

Siku ya kwanza: chapati, sambusa na kuku kwenye hotpoti, na chupa ya chai ya maziwa yenye tangawizi. Kuanzia hapo tunapika jioni. Jioni ya kwanza Garda huwa napika wali na maharage ya kopo, nikiongeza kopo la tui la nazi nililobeba Köln, na harufu hiyo ndiyo inayowatuliza watoto kuliko ahadi yoyote ya aiskrimu. Ukiingia Uswisi, kumbuka nyama hairuhusiwi kuzidi kilo moja kwa mtu. Jumapili maduka ya Ujerumani na Austria hufungwa. Sheli na stesheni kubwa za treni ndizo zenye vitu.

Nyama halali utaipata kwenye maduka ya Waturuki na Wamoroko karibu kila mji wenye viwanda. Vijiji vya milimani haipo, kwa hiyo panga samaki na mayai.

Sala tunazipangaje?

Mchana wa majira ya joto ni mrefu kupita kiasi. Köln mwishoni mwa Juni jua huzama karibu saa nne kasorobo usiku, na Isha inaangukia wakati watoto wamelala zamani. Wasafiri wengi hutumia ruhusa ya kukusanya na kupunguza sala. Mikeka yetu hukaa juu ya mabegi yote. Kibla kutoka njia nzima hii ni kusini-mashariki. Tumesali kwenye nyasi za vituo vya mapumziko mara nyingi sana, na hatujawahi kusemeshwa vibaya.

Kuna kitu cha kwetu cha kuwaonyesha watoto?

Kipo, na kinastahili kupinda njia. Nenda Berlin, makumbusho ya elimu ya viumbe, Museum für Naturkunde. Ukumbi wa kwanza umesimama mifupa ya dinosaria mwenye kimo cha mita 13.27. Ametoka Tendaguru, Lindi. Alichimbwa kati ya 1909 na 1913, wakati wa utawala wa Wajerumani, kwa mikono ya wachimbaji wa kwetu. Msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani. Wapagazi waliibeba mifupa hiyo kichwani siku kadhaa kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Shemeji yangu ni wa Lindi. Alisimama pale chini ya mbavu, akamnyanyua mwanawe mabegani na kumwambia, "Huyu ni wa nyumbani kwa bibi yako." Mtoto akauliza kwa nini basi hayuko kwa bibi. Swali hilo Watanzania wanaliuliza pia, na ni vyema mtoto alisikie akiwa mdogo.

Kwa walioko Ubelgiji, hasa wenye asili ya Kongo, kuna makumbusho ya Afrika ya Tervuren nje ya Brussels, yaliyofunguliwa upya Desemba 2018. Nendeni, na mtenge muda wa kuzungumza baadaye.

## Yasiyo ya kawaida

Mtoto anatapika kila kona. Tufanyeje?

Asisome wala kutazama simu, akae mahali anapoona mbele, asile maziwa asubuhi hiyo. Ganda la ndimu au chungwa la kunusa linasaidia kweli. Weka mifuko miwili kila kiti, taulo na nguo za akiba mbele. Na chagua handaki badala ya mlima, hata kama foleni ipo.

Mtu akiugua nje ya nchi tunayoishi?

Dharura ni 112 kote. Kadi ya bima ya afya ya Ulaya, iliyo nyuma ya kadi ya bima ya Ujerumani, inatumika ndani ya Umoja wa Ulaya. Lakini wengi wetu hatujui hili: kama una pasipoti ya Tanzania, Kenya au nchi nyingine isiyo ya Ulaya, kadi hiyo haikubebi Uswisi wala Denmark. Nunua bima ya safari. Ni pesa kidogo kwa mwaka kwa familia nzima, na ukiteguka mguu Luzern utaelewa bei za huko. Bima ya bibi ni ile ya viza. Weka karatasi yake pamoja na pasipoti yake na majina ya dawa anazotumia, dozi ikiwa imeandikwa.

Simu yangu imenikata pesa nyingi. Kwa nini?

Ulipita Uswisi. Ndani ya Umoja wa Ulaya bando lako hutumika bila nyongeza tangu Juni 2017, lakini Uswisi haimo kwenye mpango huo. Kabla ya Basel, mji wa mpakani, zima data, na pakua ramani za njia nzima ukiwa na Wi-Fi Freiburg.

Tunaweza kuongeza Bosnia au Uingereza kwa kuwa tuko karibu?

Wenye vibali vya ukaazi waangalie masharti ya nchi husika kwa pasipoti yao. Kwa bibi ni lazima viza yake iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Ikiwa ya mara moja, akitoka nje ya Schengen hata kwa saa mbili hawezi kurudi. Angalia kwenye viza palipoandikwa idadi ya kuingia: "1" au "MULT". Angalieni kabla hamjapanga, maana mpaka wa Croatia na Bosnia haumruhusu mtu kurudi kwa huruma ya umri wake.

Gari limeharibika kwenye barabara kuu. Hatua ya kwanza?

Taa za hatari, egesha kulia kabisa, vaa kizibao, kisha watu wote washuke upande wa kulia na wavuke uzio wa chuma, watoto kwanza. Wakae huko hata kama mvua inanyesha. Pembetatu iwekwe nyuma, kama mita 150 hadi 200 kwenye Autobahn, ukitembea nje ya uzio. Ndipo upige simu. Nguzo za simu za dharura ziko kando ya barabara, na vijiti vyeupe vina mshale mdogo unaoonyesha iliyo karibu.